Kunde Nne Kwenye Kopo la Mamkubwa

Kabla sijaanza kujisifu, nikiri. Niliiba kunde nne. Kunde kavu, hazijapikwa, kutoka kwenye kopo la maziwa la mwanamke aliyefiwa na mumewe, mchana kweupe, mwenyewe yuko msalani anatawadha. Sikuziiba kwa njaa. Niliziiba kwa ajili ya hesabu, na ni kwa sababu ya kunde hizo nne kwamba leo mimi ni mstaafu, nikiwa na miaka kumi na sita na madaftari ya kidato cha tatu yakinisubiri mezani.

Nimetumika miaka miwili. Kwa siku ni mia saba thelathini na moja, maana mmoja wa miaka hiyo ulikuwa na siku ya ziada mwezi wa pili. Kwa mwezi wa mbinguni ni miaka miwili na siku ishirini na mbili hivi. Mnaona? Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe: kugeuza siku kuwa miaka, miaka kuwa siku, wiki kuwa saa, kwa yeyote wa mtaa wetu wa Kibokoni aliyeniuliza, na kwa wengi ambao hawakuniuliza. Naandika kwa ajili yenu, wadogo zangu wa Gredi ya Sita na ya Saba, mnaonifuata kila nikipita mkiuliza nani atairithi kazi. Kuhusu kupanda cheo sina la kusema. Sikupanda chochote ila ngazi za nyumba ya Mamkubwa, nazo zimepinda. Kuhusu mshahara, ulikuwa mahamri.

Siku ya kwanza kazini sikuiomba, ilinijia juu ya sinia la pilau. Ilikuwa Ijumaa, tumekula kwa Mamkubwa, yaani dada mkubwa wa mamangu. Mumewe, Mzee Omari, yuko mbele. Pembeni yake ndugu yake mdogo, Ami Shee, mwenye duka la kanga mtaa wa Biashara. Ami Shee ni mtu ambaye hawezi kukupa chumvi bila kukupa na hotuba. Siku hiyo hotuba ilikuwa ya ndoa.

"Mimi na mke wangu," akasema, "tumekaa miaka thelathini. Hata siku moja hatukugombana."

Mimi simu ilikuwa mkononi, chini ya mkeka. "Ami," nikasema, "hizo ni siku elfu kumi, mia tisa hamsini na saba."

 Mkewe, ambaye alikuwa akitoa iliki kwenye wali, hakuinua hata uso. "Na mimi nimezihisi zote," akasema. "Moja moja."

Mzee Omari alicheka mpaka punje ya wali ikampanda puani, ikabidi apigwe mgongo. Alipopata pumzi akaninyooshea kidole. "Huyu apewe kazi," akasema. "Kuanzia leo, mtu akitaka kujua siku zake, aende kwa huyu." Basi hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hapakuwa na barua. Palikuwa na kicheko, na mwajiri wangu alikuwa Mzee Omari, Mungu amrehemu. Likumbukeni jina hilo.

Vifaa vyangu vilikuwa viwili. Cha kwanza simu, yenye ufa uliopita katikati ya namba tano, ambayo nilikuwa naiamini kuliko walimu wangu wote. Cha pili kilikuwa kalenda ya msikiti, ile inayoning'inia jikoni kwa kila mtu huku kwetu. Ina safu mbili: moja ya tarehe za kawaida, nyingine ya mwandamo wa mwezi, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka urudi Ramadhani. Hiyo safu ya pili niliiona kila siku kwa miaka miwili. Nilidhani ni pambo.

Mwalimu wangu alikuwa Bwana Abbas, fundi saa. Kibanda chake kiko uchochoroni nyuma ya Biashara, chembamba hata mteja akiingia fundi hubidi avute tumbo. Babu yake alikuja na bisibisi kutoka Bara Hindi, na nadhani ndiyo hiyo hiyo anayoitumia. Ukutani ana saa kumi na tisa na hakuna mbili zinazokubaliana. Siku ya kwanza nilimuuliza ipi ni ya kweli.

"Ile ya msikitini," akasema.

"Na hizi?"

"Hizi ni za wateja. Kila mtu na saa yake."

Nilikuwa nikienda kwake baada ya shule, kwa sababu alikuwa na feni. Alinifundisha jambo moja tu, akalirudia mpaka likanichosha. "Kijana, kabla hujahesabu, uliza: mwezi wa nani? Kuna mwezi wa mshahara na kuna mwezi wa juu. Wa mshahara ni mrefu, kwa sababu tajiri hana haraka ya kulipa. Wa juu ni mfupi." Mimi nikiitikia, "Ndiyo, Bwana Abbas," huku nikicheza mpira kwenye simu. Nilimwona mzee wa watu tu, ameishiwa na wateja tangu simu zianze kuonyesha saa. Nyinyi mkipata mwalimu wa namna hii, zimeni simu. Mimi nilichelewa kuizima.

Kazi ilishika. Kulikuwa na Imran, niliyesoma naye, wa Kizingo, kule ambako watu huwasha gari kufuata mkate. Alikuwa na miaka kumi na saba na nusu na babake amemwambia hagusi usukani mpaka kumi na minane. Akanijia analia. Nikapiga hesabu, nikamwandikia karatasi: siku zako ni elfu sita mia tatu tisini na kitu, ukizigawa kwa mwaka wa mwandamo umeshatimiza kumi na minane, hongera. Nikaitia sahihi na kuichora muhuri kwa kifuniko cha soda. Babake aliisoma yote, taratibu, akamwambia, "Vizuri. Basi leseni kaiombe mwezini." Msisahau lakini kwamba safu ya pili nilikuwa naijua siku hiyo. Nilipotaka kumdanganyia mtu niliijua vizuri sana.

Kulikuwa na Bwana Mutua, mpangaji wetu wa chini, mtu wa bara afanyaye kazi bandarini. Alikuwa anahesabu siku za kustaafu kwake kwa chaki nyuma ya mlango. Kila jioni afuta, aandika. Siku moja akanionyesha kwa furaha: elfu moja kamili. "Hebu nigeuzie," akasema.

"Miaka miwili na miezi tisa kasoro kidogo," nikasema.

Akaitazama ile chaki. "Kijana," akasema, "siku elfu moja nilikuwa naziweza. Hii miaka karibu mitatu unayoniambia siiwezi." Akaingia ndani akafunga mlango, na kwa wiki nzima hakuniitikia salamu. Hesabu ilikuwa sawasawa. Nilikwenda kulala nikijiona mshindi, na hapo nilipaswa kushtuka kidogo.

Sasa kesi ngumu.

Mzee Omari alifariki siku ya Alhamisi, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi. Hakuugua. Alikaa, akaomba maji, maji yakamkuta ameshaondoka. Magharibi hiyo hiyo mwezi ukaandama, Mfunguo Nne. Nakumbuka kwa sababu watu waliokuja kwa rambirambi walikuwa wakitazama juu huku wakivua viatu.

Alipokwisha kuzikwa, wakubwa walikaa ukumbini kwa Mamkubwa. Niliwahesabu, ndiyo tabia yangu: watu wazima kumi na mmoja. Ami Shee akakohoa, akasema, "Shemeji ataanza eda. Miezi minne na siku kumi ndani, hatoki. Yatoka lini?" Kisha akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Na sura zao zilikuwa za watu waliofarijika kwamba kuna mtu mwingine wa kuhesabu.

Nikatoa simu. Nikaiambia iongeze miezi minne na siku kumi. Ikafikiri chini ya sekunde moja.

"Jumatano," nikasema, nikaitaja na tarehe. "Siku mia moja thelathini na mbili."

"Mashaallah," akasema Ami Shee. "Sayansi."

Hapa ndipo nawaomba mnisikilize. Hao watu kumi na mmoja wote hufunga Ramadhani kwa mwezi wa juu. Kila mwaka hugombana mwezi umeonekana wapi na umeonwa na nani, hata ndugu wawili wa nyumba moja husali Iddi siku mbili tofauti na hununiana mpaka Iddi inayofuata. Ukiwaamsha usingizini watakwambia eda ni ya mwandamo. Siku hiyo hakuna aliyefungua kinywa. Mtoto ana simu, simu imesema, chai yapoa. Kosa lilikuwa langu, nalikubali, lakini lilipita mbele ya ndevu nyingi sana nyeupe.

Mamkubwa alikuwa ameketi pembeni amevaa nyeupe. Hakuwa na habari na simu. "Mwanangu," akaniambia, "hayo ya kwenye kioo siyajui. Nihesabia kitu nikishike."

Basi nikachukua kopo tupu la maziwa, nikamhesabia kunde, moja moja, mia moja thelathini na mbili. Nilihesabu mara tatu nisikosee. Kila magharibi, adhana ikilia, atoa kunde moja na kuitia bakulini. Ndivyo alivyofanya, kila siku, na sikuwahi kumwona akisahau. Nikipita kwake kupeleka mkate nikiisikia: kunde ikigonga bakuli, ti, halafu kimya.

Nasra ni binti yake wa pekee. Harusi yake ilikuwa imeshapangwa, ikaahirishwa kwa msiba, na sasa haikuwa na pa kusogea tena. Mchumba wake, Fahmi, afanya kazi Maskati. Alipata likizo ya siku kumi, si zaidi, na Jumatatu ndege yamngoja. Kupamba ikawekwa Jumapili. Kwa asiyejua: kupamba ni siku ya wanawake, bibi harusi awekwa juu ya jukwaa, na mlangoni pa ukumbi husimama mamake na chetezo cha udi, akiwapokea wageni. Asiposimama mamake, watu huuliza, na wakishajibiwa huuliza tena.

Watu wa harusi wakaja kuuliza Mamkubwa yuwatoka lini. Jibu likatoka kwa jina langu. Jumatano, kijana amesema. Siku tatu baada ya kupamba.

Mamkubwa hakulia. Alimwita mamangu akampa chetezo chake cha fedha, kimefungwa kwenye leso. "Wewe utasimama mahali pangu," akasema. "Usiwatie moshi mwingi wa macho, wataharibu wanja wao, watatutukana mwaka mzima."

Alhamisi akaniita mimi. Alitaka nimfundishe kumwona Nasra kwenye simu, siku hiyo ya Jumapili. "Ndoo hapa, mwanangu," akaniambia. "Nionyesha kidude hiki hushikwa vipi." Nikampigia kutoka chumba cha pili tujaribu.

"Waniona?" akasema.

"Naona sikio, Mamkubwa."

"Hebu ngoja. Sasa?"

"Bado sikio. Usiitie sikioni, ishike mbele."

"Nikiishika mbele nitakusikiaje?" Akaitoa sikioni, akairudisha. "Basi. Mwambie Nasra sikio la mamake limehudhuria."

Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kazi yangu kucheka. Halafu nikaona kwenye kioo cha simu, nyuma ya lile sikio, gauni la zari limetundikwa ukutani, limepigwa pasi. Alilishona yeye kabla ya msiba. Nani alilipiga pasi na kwa nini, sikuuliza. Sikucheka tena.

Siku ya pili, Ijumaa, alinituma kwa Bwana Abbas na saa ya Mzee Omari, isafishwe apewe Fahmi. Bwana Abbas aliipokea kwa mikono miwili. Alimjua mwenyewe.

"Na mjane wake hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Atoka eda Jumatano," nikasema, kwa sauti ya mtaalamu. "Siku mia thelathini na mbili. Nilimhesabia mimi."

Akavua ile miwani yake ya jicho moja. "Leo mwezi ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Nimekuuliza mwezi. Sikukuuliza mshahara."

Nikageuka kuitazama kalenda yake ya msikiti, iliyojaa mafuta ya saa. Nikaisoma safu ya pili, mara ya kwanza maishani mwangu bila nia ya kumdanganya mtu. "Mwezi tisa," nikasema. "Mfunguo Nane." Na nikasikia masikio yangu yakipata moto.

"Alikufa mwezi unaandama Mfunguo Nne," akasema Bwana Abbas, akikunja vidole. "Nne, siku thelathini. Tano, ishirini na tisa. Sita, thelathini. Saba, ishirini na tisa. Tia na kumi za Nane. Ngapi?"

"Mia na ishirini na nane."

"Atoka lini?"

"Kesho," nikasema. "Kesho magharibi."

Akaivaa miwani yake tena, akaifungua ile saa. "Ulimfungia bibi ya watu siku nne za bure," akasema, hakunitazama. "Mimi nikikosea, mtu huchelewa kazini tu."

Nilirudi mbio mpaka Kibokoni, na njiani nikapiga hesabu ya aina nyingine. Nikisema ukweli, kazi imekwisha: miaka miwili ya jina, mahamri, Imran, watoto wakinifuata, yote. Nisiposema, Nasra atapambwa mbele ya sikio. Mtu mwenye akili angeona kuna njia mbili. Mimi, kwa kuwa ni mimi, nikaona ya tatu.

Mamkubwa alikuwa anatawadha. Kopo liko dirishani. Ndani mlikuwa na kunde sita. Nikatoa nne, nikatia mfukoni, zikabaki mbili: moja ya leo, moja ya kesho. Kesho magharibi kopo litakuwa tupu, Mamkubwa atasema alhamdulillahi, atavaa gauni lake, na hakuna atakayejua. Niliona hata ni jambo zuri. Nilikaa ngazini nikajipongeza.

Adhana ikalia. Nikasubiri ile ti. Haikuja.

"Wewe uliyeko ngazini," Mamkubwa akaita. "Panda."

Ukumbini walikuwepo mamangu, anakunja leso za zawadi, na Ami Shee, aliyeleta kanga kutoka dukani na akabaki kwa ajili ya chai. Mamkubwa ameshika kopo kwa mikono miwili.

"Jana zilibaki sita," akasema. "Naona mbili. Panya hula kunde akaacha hesabu sawasawa?"

"Pengine ulikosea kuhesabu, Mamkubwa," nikasema. Mungu anisamehe, nilisema hivyo.

"Mimi?" Akaweka kopo chini. "Kitu kimoja kwa siku, tangu Mfunguo Nne, ndiyo kazi yangu ya pekee, nikosee?" Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Nimejua wataka nini. Wanionea huruma. Wataka nitoke kabla ya siku zangu niende harusini. Omari alinistahi miaka ishirini na sita, mimi nishindwe kumstahi siku nne? Nitasimama na udi mlangoni, na nyuma yangu watu waseme mjane huyu aliruka eda akacheze ngoma? Na Nasra ayasikie hayo, siku yake?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Kweli ilikuwa mfukoni mwangu, lakini nimeshaivisha nguo za uwongo. Nikisema sasa kwamba siku zimetimia, nani ataniamini, na mwizi wa kunde ni mimi? Mtu ambaye angekosa kupamba hakuwa mimi. Nikazitoa zile kunde nne nikaziweka kwenye mkeka.

"Nimeziiba," nikasema. "Lakini hazikuwa zako, Mamkubwa. Nilizitia za bure siku ile ya kwanza. Nilihesabu kwa simu, miezi ya mshahara. Eda yako yatoka kesho magharibi."

Ami Shee akatua kikombe. "Wacha upuzi. Mimi nimewatangazia watu Jumatano. Mpaka dukani nimewaambia wateja. Simu haikosei."

"Simu haikukosea, Ami. Niliiuliza swali silo."

"Sasa mwaona?" Ami Shee akamgeukia mamangu. "Leo asema hivi, kesho asema vile. Ndiyo mashule ya siku hizi."

Mamangu aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na kalenda ya msikiti, msumari bado umo. Akaitandika mbele ya Mamkubwa, akaweka kidole kwenye safu ya pili, na kuanza kupanda nayo kurudi nyuma, mwezi mmoja mmoja, midomo ikicheza. Mamkubwa naye akaweka kidole chake kando ya cha mdogo wake. Vidole viwili vikapanda pamoja mpaka Mfunguo Nne, vikasimama.

"Mpigie ustadhi," Mamkubwa akasema.

Ami Shee alimpigia yeye mwenyewe, kwa kipaza sauti, ili sote tumsikie akishinda. Akaeleza kirefu: alikufa lini, mwezi uliandama lini, na kwamba kuna mtoto mmoja mtundu hapa. Ustadhi alimwachia amalize.

"Kesho magharibi atoka," akasema. "Kwani nyinyi mlikuwa mkihesabu kwa nini?"

Ami Shee akaizima simu. Akanywa chai yote iliyobaki, kwa pumzi moja. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilitaka kuona kijana atagundua lini." Na kufikia Jumamosi asubuhi, nawaapia, watu wazima wote kumi na mmoja walikuwa wakijua tangu siku ya kwanza. Mmoja alisema alitaka kunipa funzo. Mwingine alisema aliniashiria kwa macho nikawa sikuona. Sijawahi kuona kosa lililokuwa na mashahidi wengi namna hiyo likabaki na mkosaji mmoja.

Mamkubwa hakusema alijua. Hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Alikusanya zile kunde nne, akazifunika kiganjani. "Siku nne," akasema. "Ungekaa kimya, ningekaa ndani, na ningekuombea dua kwa kunihesabia." Basi. Usiku huo sikulala vizuri.

Jumamosi magharibi alitoa kunde ya mwisho. Ti. Mamangu alimwogesha, wakazikunja zile nguo nyeupe, wakamsomea dua. Nilipoitwa kuleta maji ya kunywa, nilimkuta ameketi kitandani amelitandika gauni la zari mapajani, akilipapasa tu kama mtu apapasaye paka.

Jumapili mimi nilikuwa nje ya ukumbi na makreti ya soda, maana ndani hakuingii mwanamume hata wa miaka kumi na sita. Mlango ulikuwa na pazia. Sikuona kitu. Lakini saa kumi kasorobo kulitoka harufu ya udi, halafu vigelegele, si vile vya kumlaki bibi harusi, kwa sababu bibi harusi alikuwa bado hajafika. Vilikuwa vya wanawake waliodhani watapokewa na mtu mwingine mlangoni. Vilikuwa virefu. Nilitaka kuvipima kwa sekunde, mkono ukaenda mfukoni wenyewe, nikaurudisha.

Mamangu alirudi nyumbani baada ya isha, miguu imevimba, chetezo kwapani. Akaniambia Nasra alipomwona mamake pale mlangoni alilia mpaka wanja ukafika kidevuni, na aliyempamba akatishia kuacha kazi. Akaniambia Mamkubwa hakumpa mtu mwingine udi mpaka mgeni wa mwisho. Akavua hereni, akaziweka mezani. Kisha akaninyooshea kiganja, nami nikamkabidhi simu. Aliiviringisha kwa kitambaa cheupe, polepole, akaitia kabatini mwake chini ya mashuka, akafunga kwa ufunguo. Halafu akageuka. Haya ndiyo aliyoyasema, neno kwa neno:

"Simu yako imefiwa, mwanangu. Itakaa eda miezi minne na siku kumi. Ya mwandamo, maana mimi sina roho mbaya kama yako."